Nguvu ya Mwanzi Huanzia kwenye Ndoano

Mwanzi wa kurushia unaouzwa Marekani kwa ajili ya kuvua besi huwa na maandishi madogo juu kidogo ya mpini. Yanataja urefu, nguvu, uzito wa mshipi unaoufaa na uzito wa chambo unaoweza kurushwa nao. Wanunuzi wengi huanza na hilo la mwisho. Mtu ana jigi, chambo cha ndoano yenye kichwa kizito, ya nusu wakia, yaani gramu 14, basi anatafuta mwanzi ambao nusu wakia imo ndani ya mipaka yake, analipa, anaondoka. Kwa vyambo vingi njia hiyo ni sahihi kabisa. Lakini kwa jigi, na kwa mifungo ya chambo laini kama ule wa Texas au wa Carolina, inampeleka mvuvi kombo, kwa sababu inajibu swali la kurusha ilhali kazi ngumu iko upande wa pili wa mshipi, pale ncha ya ndoano inapotakiwa kuingia mdomoni mwa samaki. Ninachodai ni kwamba nguvu ya mwanzi ichaguliwe kwa kuanzia kwenye ndoano: unene wa waya wake na vitu vinavyoikinga ncha yake, kisha mshipi uliofungwa juu yake, kisha mahali samaki alipojificha. Uzito wa chambo uje mwisho, kwa ajili ya kuhakiki tu.

Kwanza tuelewane kuhusu nguvu yenyewe. Ni ukinzani wa mwanzi dhidi ya kupindwa: mzigo gani unahitajika ili uiname kwa kiasi fulani. Watengenezaji huipanga kwa majina, kuanzia wastani, wastani mzito, mzito hadi mzito zaidi, na wengine huongeza ngazi ndogo ndogo katikati. Mpindo ni jambo jingine; huo hueleza mwanzi unaanza kuinama wapi, karibu na ncha au katikati ya mwili wake. Mianzi ya jigi karibu yote huinama kwenye sehemu ya juu, na kwa kuwa hapo wavuvi hawatofautiani sana, sitalikalia jambo hilo. Wanapotofautiana ni kwenye nguvu, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Besi mdomo mkubwa, Micropterus salmoides kwa jina la kisayansi, ni samaki wa Amerika Kaskazini anayewinda kwa kuvizia. Hujibanza kwenye majani, visiki, magati na mawe, na chambo kikipita karibu hufungua kinywa ghafla kikavutwa ndani pamoja na maji. Kumfikia humo bila kunasa kila mara kunahitaji ndoano iliyofichwa. Jigi hufichwa kwa brashi ya nyuzi ngumu inayosimama mbele ya ncha na kuyasukuma matawi pembeni. Mfungo wa Texas hutumia njia nyingine: chubwi iliyochongoka hutangulia, na ncha ya ndoano hufukiwa ndani ya mwili wa chambo cha plastiki laini. Njia zote mbili zina gharama ileile. Kinga inayoizuia ndoano isichome tawi huizuia pia isimchome samaki. Mvuvi akivuta, lazima kwanza aikunje brashi au aipasue plastiki, ndipo ncha iguse mdomo, na bado kijino cha kinyume nacho kizame. Ndoano yenyewe ni nene, mara nyingi namba 4/0 au 5/0, na waya mnene hudai msukumo mkubwa kuliko mwembamba. Tena sehemu kubwa ya kinywa cha besi ni mfupa na gegedu, si nyama laini ya kuingilika kirahisi.

Linganisha na chambo kigumu cha kuogelea, kile chenye mdomo wa plastiki unaokizamisha na ndoano mbili za pembe tatu zilizoning'inia tumboni. Nacho kinaweza kuwa na nusu wakia ileile. Ndoano zake ni nyembamba, ncha ziko wazi, chambo kinatembea muda wote, na samaki akikivamia mara nyingi hujichoma mwenyewe. Kinachohitajika hapo ni mwanzi unaokubali kuinama, wa wastani au wa nyuzi za kioo, ili ncha zile nyembamba zisichanike kutoka mdomoni samaki anaporuka. Basi hapa pana vyambo viwili vyenye uzito mmoja, vinavyorushwa umbali mmoja, na kila kimoja kinadai mwanzi ambao ungekuwa kosa kwa mwenzake. Kama uzito wa chambo ndio ungeamua, jambo hili lisingewezekana. Linawezekana kwa sababu kinachoamua ni ndoano.

Sasa mwanzi hufanya nini hasa wakati wa kukita ndoano? Jibu linalosikika sana ni kwamba mwanzi mzito unaongeza nguvu. Hauongezi. Mwanzi wa futi 7 una takriban mita 1.8 kutoka mkono wa mbele, ulioshika rili, hadi kwenye ncha, na sentimita 30 hivi kutoka mkono huo hadi mwisho wa mpini. Huo ni uwiano wa 6 kwa 1, na unafanya kazi dhidi ya mvuvi. Ili kilo 3 zifike kwenye ncha, mshipi ukiwa umeukingama mwanzi, mkono wa nyuma lazima usukume kilo 18 hivi. Mwanzi uwe mzito kiasi gani, misuli inabaki ileile. Kinachobadilika ni mwendo. Mkono unapopanda, sehemu ya mwendo wake huishia kuuinamisha mwanzi, sehemu huondoa ulegevu wa mshipi uliolala majini, sehemu huurefusha mshipi wenyewe, na kinachosalia ndicho kinachoisukuma ndoano. Mwanzi na mshipi ni springi mbili zilizounganishwa mfululizo, na springi laini ikiunganishwa na nyingine laini, msukumo huchelewa kukua. Mwanzi mzito unapunguza hasara hiyo: ndani ya nusu mita ya kwanza ya mwendo, ndoano imeshapata msukumo ambao mwanzi laini ungeufikisha baada ya mita moja na zaidi. Besi anaweza kukitema chambo mara tu akihisi si chakula, na nusu mita hiyo ndiyo tofauti kati ya samaki aliyenaswa na samaki aliyeguswa tu.

Kutokana na hilo, mwanzi hauwezi kuchaguliwa bila kuuzungumzia mshipi. Nailoni hurefuka sana inapovutwa, na mvuvi akiwa amerusha mita 30, sehemu kubwa ya mwendo wa mkono wake humezwa humo. Florokaboni inasifiwa kwamba hairefuki, lakini sifa hiyo si ya kweli. Hurefuka pia, na wakati mwingine haipishani sana na nailoni. Ubora wake uko kwingine. Uzito wake mahususi ni takriban 1.78, wa nailoni 1.14, kwa hiyo florokaboni huzama na kunyooka kuelekea kwenye chambo badala ya kuning'inia majini, na kila jiwe linaloguswa chini husikika mkononi. Mshipi wa kusuka wa polithilini karibu haurefuki kabisa. Ulio na nguvu ya ratili 50 huwa na unene unaokaribiana na nailoni ya ratili 12, na huelea kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji. Ina maana kwamba mwanzi mmoja wenye nguvu moja, ukifungwa mshipi wa kusuka leo na nailoni kesho, ni vyombo viwili tofauti. Anayevua jigi kwa nailoni kwenye maji ya mbali anahitaji mwanzi wa ngazi moja juu ya yule anayevua jigi hiyohiyo kwa mshipi wa kusuka karibu na mtumbwi. Maandishi ya kiwandani hayasemi hivyo, kwa sababu kiwanda hakijui utafunga nini.

Historia inaunga mkono mpangilio huu. Aina ya mwanzi mzito wa jigi tunayoijua leo ilizaliwa California, na haikutokana na haja ya kurusha vyambo vizito. Mvuvi wa huko, Dee Thomas, alikuwa akivua kwa mianzi mirefu ya zaidi ya futi 12 iliyomwezesha kushusha jigi taratibu ndani ya matete, karibu kabisa na mashua, bila kurusha kwa maana ya kawaida. Wenzake kwenye mashindano walilalamika, ukomo wa futi 8 ukawekwa, naye akaubadilisha ufundi uleule utumie mwanzi mfupi: mshipi mchache unashikwa kwa mkono wa pili na chambo kinapenyezwa mahali penyewe kwa mwendo wa chini. Mwaka 1975 alishinda nao shindano la B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi, kwenye ziwa Bull Shoals huko Arkansas, na baadaye kampuni ya Fenwick ikatoa mwanzi maalumu wa futi 7 na nusu kwa ajili ya kazi hiyo. Ukiutazama vizuri, hakuna uzito wa chambo uliodai mwanzi wa namna ile. Kilichoudai ni ndoano nene, umbali mfupi, na samaki aliyezungukwa na mashina ambaye ni lazima atolewe kabla hajageuka. Fenwick hao hao ndio walioleta sokoni mianzi ya nyuzi za kaboni mwaka 1973, na bila kaboni nguvu kubwa kiasi hicho ingebaki kuwa mzigo wa kumchosha mvuvi kabla ya saa sita mchana.

Mtu anaweza kuuliza: besi anayevuliwa siku nyingi ni wa kilo moja au mbili, ya nini mwanzi wa kumvuta samaki wa baharini? Hata rekodi yenyewe, besi wa ratili 22 na wakia 4 aliyevuliwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, aliyekuja kufikiwa na Manabu Kurita kwenye ziwa Biwa la Japani mwaka 2009, ni samaki wa takriban kilo 10 tu. Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba nguvu ya mwanzi haichaguliwi kwa uzito wa samaki. Samaki mwenye kibofu cha hewa akiwa majini karibu hana uzito. Anachotoa ni msukumo wa mkia. Mambo hugeuka akijifunga kwenye majani. Kwenye ziwa Okeechobee la Florida au Guntersville la Alabama, haidrila na mimea mingine ya maji hufunga uso wa maji kama zulia, na wavuvi hulitoboa kwa chubwi za wakia 1 hadi 2. Hupendelea tangsteni kuliko risasi, kwa sababu tangsteni ni nzito zaidi kwa ujazo uleule, hivyo chubwi huwa ndogo na hupenya kirahisi. Besi wa kilo moja akinaswa chini ya zulia hilo, kinachopanda juu ni yeye pamoja na kilo kadhaa za majani yaliyolowa. Hapo mwanzi mzito zaidi wa futi 7 na nusu au 8, wenye mshipi wa kusuka wa ratili 65, ni wa lazima. Na hapa chubwi nzito, ndoano nene na majani mazito vimekutana mahali pamoja, jambo linalowafanya watu wadhani kwamba chubwi ndiyo iliyouita mwanzi.

Ziondoe hizo sababu moja moja uone. Chukua jigi yenye kichwa kipana kama cha nyundo, ya nusu wakia au robo tatu, inayoburutwa juu ya changarawe kwenye maji ya wazi ya kina cha mita 6. Ni nzito, ndoano ni nene kiasi, lakini hakuna jani wala kisiki. Samaki hana pa kujificha, naye ana nafasi ya kukimbia na kuruka. Mwanzi wastani mzito wenye florokaboni ya ratili 15 unaikita ndoano vizuri na kuinama vya kutosha kumzuia asilipanue tundu mdomoni mwake. Ule mzito zaidi, uliostahili kwenye zulia la majani, hapa utamkosesha mvuvi samaki. Sasa chukua jigi nyepesi ya robo wakia, gramu 7, yenye brashi iliyopunguzwa na ndoano ya waya mwembamba, inayotumika maji yakiwa maangavu. Hii hata mwanzi wastani mzito unaweza kuipita kiasi. Waya mwembamba hunyooka ukivutwa kwa ghadhabu. Jigi ya kuogelea kati ya mayungiyungi ina uzito usiopishana sana na hiyo, lakini ndoano yake ni nene na mashina ya mayungiyungi hayavunjiki kirahisi, basi inastahili ngazi ya juu yake. Uzito karibu uleule, nguvu tofauti.

Mfungo wa Carolina unahitaji kuzungumziwa peke yake kwa sababu unaonekana kuipinga hoja yangu. Chubwi yake, kati ya nusu wakia na wakia nzima, hutembea kwenye mshipi mkuu. Baada yake kuna kipande cha mshipi cha nusu mita hadi mita moja, na chambo chepesi kwenye ndoano isiyo nene sana, mara nyingi 3/0. Ukifuata ndoano peke yake utachagua mwanzi wastani. Wavuvi wazoefu huchukua mrefu, futi 7 na zaidi, wastani mzito au mzito. Je, si uzito wa chubwi unaotawala hapo? Kwa sehemu, ndiyo. Kuuzungusha mzigo wa gramu 28 pamoja na mkia wa mita moja kunataka uti wa mgongo. Lakini sababu kubwa zaidi ni mshipi. Mfungo huu hurushwa mbali, mshipi haufiki kwenye ndoano kwa mstari ulionyooka bali unapita kwenye chubwi na kupinda, na mvuvi hukita kwa kuufagia mwanzi upande badala ya kuupiga juu. Mwendo mwingi sana unapotea njiani kabla ya ndoano kusikia lolote. Urefu wa mwanzi unaukusanya mshipi huo uliolegea, na nguvu yake inauzuia usipotee tena kwenye kuinama. Ndoano bado ndiyo inayouliza swali. Umbali unalifanya jibu kuwa kubwa zaidi.

Wapo wasemao: ukiwa na shaka, chukua mzito, kwani mwenye nguvu nyingi anaweza kuzipunguza ilhali mwenye chache hawezi kuziongeza. Ushauri huo unavutia, na kwenye majani mazito ni salama. Kosa lake ni kudhani kwamba mkono unaweza kuufanya mwanzi mgumu uwe laini. Unaweza kuvuta polepole, ndiyo, na unaweza kulegeza breki ya rili. Lakini samaki anaporuka mita mbili kutoka mashuani na kutikisa kichwa, kinachotakiwa ni kitu kinachofuata mtikiso wake papo hapo bila kungoja akili ya mvuvi. Mwanzi uliozidi nguvu haufuati. Mshipi hulegea kwa nukta moja, na nukta hiyo ndiyo jigi hutupwa nje. Pamoja na mshipi wa kusuka hatari huongezeka, maana springi zote mbili zimeondolewa. Tena mwanzi mzito haurushi vyema chambo chepesi, kwa kuwa hauinami wa kutosha kukisukuma. Hapo ndipo maandishi ya kiwandani yanapopata nafasi yake halali: baada ya kuamua kwa ndoano, mshipi na mahali, tazama kama chambo chako kimo ndani ya mipaka. Kikiwa nje kwa mbali, shuka ngazi moja au badilisha chambo.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba majina yenyewe hayana maana moja. Hakuna chombo kinachowalazimisha watengenezaji. Mwanzi mzito wa kampuni hii ni wastani mzito wa kampuni ile, na wakati mwingine matoleo mawili ya kampuni moja hayalingani. Hilo ni kweli, na ni aibu kwa biashara inayouza vyombo vya bei kubwa. Wavuvi wa nzi, wanaotumia mshipi mzito kuurusha unyoya usio na uzito, wana vipimo vya mshipi vilivyokubaliwa kwa miongo mingi. Mwaka 2003 William Hanneman alichapisha kwenye jarida la RodMaker njia ya kuupima mwanzi wowote kwa sarafu za senti moja za Marekani: zinatiwa kwenye kifuko kilichoning'inizwa kwenye ncha mpaka ncha ishuke theluthi moja ya urefu wa mwanzi, kisha zinahesabiwa. Idadi hiyo inageuzwa kuwa namba ya nguvu, na mianzi ya viwanda tofauti inaweza kulinganishwa. Viwanda vya mianzi ya besi havikuikumbatia. Hata hivyo, pingamizi hili linaiimarisha hoja badala ya kuivunja. Ikiwa jina haliaminiki, basi uzito wa chambo ulioandikwa pembeni yake nao hauaminiki, kwa sababu umetoka kwenye makadirio yaleyale. Aijuaye ndoano yake na kazi inayotakiwa ifanye anaweza kuufunga mshipi dukani, kuuvuta mwanzi dhidi ya mzigo wa kilo moja au mbili, na kuona kwa macho unainama kiasi gani. Mfuko wa sukari unatosha.

Anayeweza kumiliki mwanzi mmoja tu anashauriwa karibu kila mahali achukue wa futi 7, wastani mzito. Nakubaliana na ushauri huo, mradi ajue anachokosa. Mwanzi huo utavua jigi za gramu 10 hadi 20 na mfungo wa Texas wa kawaida bila taabu. Kwenye zulia la majani utashindwa, wala hakuna mshipi utakaouokoa. Kwa jigi nyepesi utafaa ukifungwa nailoni, ambayo kurefuka kwake kunakuwa faida. Yaani mwenye mwanzi mmoja abadilishe mshipi na ndoano ili vilingane na mwanzi, badala ya kulazimisha kila kitu kipite humo humo.

Suala hili lina uso wake Afrika Mashariki pia. Besi mdomo mkubwa alipandikizwa kwenye ziwa Naivasha nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na bado yumo, ingawa kwa miongo miwili iliyopita nyavu za wavuvi wa pale zimekuwa zikijaa samaki wa kigeni aitwaye kapu kuliko yeye. Kingo za ziwa zina mafunjo, magugumaji huelea kwa visiwa vizima kufuata upepo, na tangu maji yalipopanda mwaka 2020 migunga mingi ya ufukweni imesimama majini ikiwa imekufa. Mgeni anayekuja na mwanzi uliochaguliwa kwa uzito wa chambo atarusha vizuri tu na kunasa kwenye matawi ya mgunga. Kwa ukingo ule ningechagua mwanzi mzito wa futi 7 na inchi 3 au zaidi, mshipi wa kusuka wa ratili 50, na jigi ya gramu 14 yenye ndoano ya 4/0 na brashi nzima isiyopunguzwa. Kwa sehemu ya Crescent Island, ambako maji ni ya kina na chini hakuna miti, ningerudi kwenye wastani mzito na florokaboni, nikiiacha jigi iwe ileile ya gramu 14.